Keki za Wasiokaa Mezani

Basi la saa nane mchana lilimshusha Blažena Hudáková mbele ya kanisa, siku ya Alhamisi, na kwa kuwa Alhamisi ndiyo siku ya soko, mji mzima wa Trhová Lehota ulimwona akishuka. Mkono mmoja sanduku, mkono mwingine gauni jipya kwenye hanga, limefunikwa nailoni, amelinyanyua juu lisije likaburuzika kwenye majani ya kabichi yaliyotapakaa chini. Lilikuwa gauni la rangi ya plamu iliyoiva. Alilinunua Linz, huko Austria anakotunza wazee wa watu, na bei yake alikuwa ameapa hatamwambia mtu.

Alipita katikati ya meza za wauzaji akisalimia huku na huku. Pilipili nyekundu zilikuwa zimejazwa kwenye mifuko ya wavu, vitunguu vimesukwa mikanda mirefu, watu wanabishania bei huku wakionja plamu bila haya. Otília, mama wa vitunguu, ambaye amekaa pembe ile ile tangu ujana wake, alimwita.

"Umekuja, Blažena."

"Nimekuja. Jumamosi si namwoza mtoto?"

Otília aliinama, akaanza kupanga vitunguu vilivyokwisha kupangwa. "Haya," alisema, kana kwamba anaviambia vitunguu. "Mvua isinyeshe tu."

Hapo mwenye macho angeona. Blažena hakuona. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni, tena alikuwa na njaa. Alipita mbele ya nyumba namba kumi na mbili, nyumba ya marehemu baba yake, yenye lango kubwa la kupitisha mkokoteni wa nyasi, ambayo siku hizi imepakwa rangi ya manjano na kutundikwa kibao cha vyumba vya wageni. Hakusimama. Alikata kona ya duka la dawa, akashika uchochoro, akaenda kubisha kwa Hermína kama afanyavyo kila akija, maana katika mji aliozaliwa, Blažena ni mgeni wa jirani.

Hermína Šuleková walisoma naye darasa moja, wakakaa dawati moja, na sasa ni mjane mwenye kuku sita na chumba kimoja cha nyuma kisicho na mtu. Alimfungulia mlango, akambusu mashavu yote mawili, akampokea gauni, na muda wote huo akawa anasimama kati ya Blažena na meza ya jikoni. Hermína ni mwembamba. Maboksi mawili ya keki yalionekana vizuri tu nyuma yake, yamefungwa utepe mweupe, yamechapwa majina ya maharusi: Sidónia na Kornel.

"Haya ya nani?"

"Moja langu."

"Na la pili?"

"Kaa kwanza. Supu ipo motoni."

"Hermína, nimekuuliza la pili la nani."

"Soma mwenyewe, macho unayo."

Blažena alisoma. Kwenye kikaratasi kilichoning'inia uteponi paliandikwa *Mama mkubwa Blažena*, kwa mwandiko wa Sidka, bibi harusi mwenyewe, ile herufi B yenye tumbo kubwa ambayo alimfundisha yeye mwenyewe kuiandika, kwenye meza ya jikoni ya nyumba namba kumi na mbili.

Trhová Lehota hatuambiani mambo haya, tunazaliwa tunayajua. Wiki ya harusi wanawake huoka keki mabeseni kwa mabeseni, wakajaza maboksi, na maboksi yakasambazwa mlango kwa mlango: kwa majirani, kwa mwalimu wa zamani, kwa daktari wa meno, kwa yule mliyegombania mpaka wa bustani na sasa mmechoka. Boksi linasema tunakukumbuka, ila mezani hukai. Anayekaa mezani hapelekewi boksi, keki atazikuta mbele ya sahani yake. Hata mlevi anayelala kwenye kituo cha basi analijua hilo, na yeye boksi lake hupelekewa pale pale kituoni.

Blažena alicheka. "Watoto wa siku hizi. Miaka mitano ya Bratislava imemtoa mila zote kichwani. Kaona nakuja na njaa, kanitumia keki."

Hermína hakucheka. "Kikadi kidogo ulikipata?"

Kadi ya harusi ya kwetu huja na kikadi ndani yake, kidogo kama tiketi ya basi, kinachokukaribisha mezani. Kadi kubwa ni habari tu, kikadi ndicho kiti. Blažena alipata kadi kubwa mwezi wa saba. Aliitikisa bahasha, hakikudondoka kitu, akacheka peke yake kwenye jiko la watu huko Linz. Nani anamtumia kikadi mama wa bibi harusi? Mama haalikwi, mama ndiye mwenye meza. Akaenda zake kununua gauni.

Sasa alivuta kiti akakaa, akala supu yote, akaomba na mkate, kwa sababu mtu aliyetoka njiani lazima ale. Alipomaliza alilisukuma boksi kwa kidole mpaka mwisho wa meza.

Mambo yalikuwa hivi. Renáta, mdogo wake, alifiwa na mume kwa ajali ya pikipiki, na binti yao Sidka alipofika miaka minne akamwacha kwa dada yake, akaenda Italia kwa kazi ya kiangazi kimoja. Kiangazi hicho kilichukua miaka kumi na sita. Blažena hakuolewa, alilea. Mtoto alipofaulu kwenda chuo na mshahara wa kiwanda cha viatu usitoshe hata kodi ya chumba chake, Blažena alikwenda Austria kuogesha wazee. Mwaka mmoja baadaye Renáta akarudi, nywele zimepakwa rangi, akaingia katika nyumba ya urithi wao wote wawili, akaanza kubomoa kuta. Mpaka wakati huo Sidka alikuwa akimwita Blažena mama, basi. Neno "mkubwa" liliingia nyumbani siku moja na mizigo ya Renáta.

"Nenda kamuulize," Hermína alisema.

"Hilo haliulizwi."

"Nitauliza mimi."

"Wewe tulia na kuku wako."

Lakini usiku kucha alijigeuza kitandani, na asubuhi alijipiga moyo konde. Alifunga aproni ya Hermína, akaenda jikoni kwenye ukumbi wa mji ambako wanawake walikuwa wanamalizia kuoka. Kama kuna kosa, alijiambia, litarekebishwa pale pale na mikono ikiwa kwenye unga, bila mtu kuonekana amekwenda kuomba kiti.

Walikuwa saba, na alipoingia wote walinyamaza kama redio iliyokatiwa umeme. Blažena aliwaamkia, akanawa mikono, akasogea kwenye donge la unga, akaanza kukata vipande na kuvifungia jibini bichi. Mikono yake ilikuwa na kasi kuliko ya wote. Hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke, na hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za Linz. Mmoja alimsogezea bakuli la mbegu za popi zilizosagwa na sukari bila kumtazama usoni.

Wakaendelea hivyo kama robo saa, ndipo Renáta akaingia, simu sikioni, kucha zimepakwa. Alipomwona dada yake alikata simu.

"Dada. Umefika lini?"

"Jana. Mji mzima umeniona isipokuwa wewe."

"Vyumba vyote vimejaa, sina hata nafasi ya kujikuna."

"Najua. Boksi limefika."

"Umezipenda keki?"

"Sijafungua. Nimeona nije kwanza hapa zinakotoka, huenda zimekosea mlango."

Renáta aliweka simu mezani, kwenye unga. "Hazijakosea mlango, Blažena."

Wanawake saba walikata unga kwa bidii ya ajabu.

"Miaka kumi na sita," Blažena alisema, pole pole, akiendelea kufunga jibini. "Uji nimepika mimi. Mikutano ya shule nimekaa mimi. Kikohozi nimekesha nacho mimi. Halafu kesho baraka ya mama atoe nani?"

"Nani kakukatalia kwamba umelea? Nilikwambia asante. Nimekwambia mara ngapi? Unataka nikusimamishie sanamu pale uwanjani, pembeni ya ile ya mfalme aliyetupatia soko?" Renáta alikuwa anatabasamu. "Mimi nimezaa. Siku ile husimama mama, haisimami kamati."

"Na ulikuwa umesimama wapi siku ya—"

"Siyo hapa, mabinti," alisema mzee kuliko wote pale jikoni, bila kuinua kichwa. "Unga hautaumuka."

Renáta alichukua simu yake, akaipangusa kwa kiganja. Akiwa mlangoni aligeuka. "Unadhani mimi ndiye niliyekutoa. Muulize mwenyewe aliyeandika jina lako kwenye boksi."

Blažena alimaliza trei yake. Aliipaka yai juu, akaisukuma kwenye oveni, akaosha mikono, akavua aproni na kuikunja. Uso mkavu kabisa. Alipofika nyuma ya kanisa, mahali ambapo hakuna dirisha linaloangalia, alilia kwa hasira, akafuta machozi kwa ile aproni yenye unga, akaenda uchochoroni na uso mweupe kama wa msagaji.

Sidka alikuja mwenyewe jioni, saa kumi na moja, kwa mlango wa nyuma. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa kwa majaribio ya kesho, nusu nyingine iko wazi. Hermína akakumbuka kwamba kuku hawajala, akatoka.

"Mama mkubwa."

"Kaa. Umekonda."

"Gauni ndiyo linataka hivyo." Alikaa ukingoni mwa kiti. Boksi lilikuwa pale pale mwisho wa meza, utepe haujafunguliwa. "Jina nimeandika mimi."

"Nimeona mwandiko."

"Nimekuwekea za popi peke yake. Zile unazozipenda."

"Nimekuja na gauni," Blažena alisema. "Liko chumbani. La rangi ya plamu."

Binti alijishika kichwa upande ule uliosukwa. Alianza kusema haraka, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi njiani. "Mama alisema ama yeye ama wewe. Alisema wanawake wawili wakisimama kwenye baraka watu watacheka, watamuuliza Kornel mkwe wake ni yupi. Mimi nikasema basi, asimame yeye, lakini wewe ukae mezani, karibu yangu. Akakubali. Kweli alikubali, usimlaumu kwa hilo. Halafu mimi nikaanza kufikiria. Wewe umekaa pale, umevaa, unamtazama yeye ananiwekea mkono kichwani. Nisingeweza kupumua. Ningekuwa nakutazama wewe tu siku nzima. Nikaona afadhali usiwepo."

"Kwa hiyo Renáta alinipa kiti."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye ukakiondoa."

"Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu," Blažena alirudia. Alijaribu kulielewa neno hilo na akashindwa. Aliona kwamba ingekuwa rahisi zaidi kama Renáta angekuwa mwovu. Kwa muda wa pumzi moja alimchukia mtoto huyu, kisha akampenda tena, na vyote viwili vilimuuma mahali pamoja.

"Kuna jambo jingine," Sidka alisema, macho chini. "Naona haya kuliomba."

"Umefika huku, omba."

"Maneno. Yale ya bibi, aliyosema wakati mama anaolewa. Mama hayakumbuki. Anasema atasema chochote kitakachomjia, na wewe unamjua akisema chochote. Mzee Gašpar anasema bila maneno ya mama haitoki harusi mlangoni." Gašpar ndiye msemaji wa harusi zote za mji, huomba radhi kwa wazazi kwa niaba ya bibi harusi na kupanga nani atembee na nani. "Niandikie wewe. Ya bibi ni mistari miwili tu, ni mafupi. Ongeza. Andika kama ambavyo ungesema wewe."

"Ili asome yeye."

"Nataka niyasikie yako," binti alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Hata kama mdomo si wako."

Blažena alinyoosha mkono, akamsukia nywele upande uliobaki, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuuona umekaa vile. Sidka alipoondoka alimbusu mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

Hermína alimtafutia karatasi za daftari. Blažena aliandika kwa herufi kubwa, maana Renáta havai miwani mbele ya watu hata akiuawa. Maneno ya marehemu mama yao aliyaacha yawe ya mwisho, mwisho wa karatasi ya pili, kwa sababu ndivyo yanavyosemwa, mwisho kabisa, kidole gumba kikichora msalaba kwenye paji la uso: *Nenda, mwanangu, mlango huu haufungwi nyuma yako. Mungu akupe mkate, akupe na mtu wa kuumega naye.* Hayo mama yao alimwambia Renáta. Blažena aliyasikia akiwa ameshika sahani ya chumvi, na tangu siku hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwambia yeye.

Juu ya hayo aliandika ya kwake. Alikuwa amekusudia mistari mitatu, minne hivi. Kalamu haikutaka kusimama. Ilipofika chini ya karatasi ya kwanza akaigeuza, akachukua ya pili, akahakikisha amebakiza nafasi ya maneno ya mama yao.

Hermína alivaa miwani akasoma yote, midomo ikicheza. Alipomaliza alivua miwani.

"Unajua atakayeyasoma haya ni nani?"

"Nimeambiwa niandike kama ambavyo ningesema mimi."

"Blažena."

"Nimeambiwa hivyo, Hermína. Kwa mdomo wake."

"Huyo mtoto ndiye atakayekuwa amepiga magoti pale, si Renáta."

"Baraka ipo. Si umeiona? Iko hapo chini."

Gašpar alipita mwenyewe asubuhi kuchukua bahasha, shada dogo la maua limebanwa kwenye koti, ananukia pombe ya plamu tangu saa mbili. Renáta alikuwa ameshamwambia ampe bahasha pale pale wakati wa baraka, kwa kuwa yeye ana nywele za kutengeneza na wageni wa kupelekea kifungua kinywa. Gašpar aliitia bahasha mfuko wa ndani. Hermína alifungua kinywa, akamtazama Blažena, akakifunga.

Gauni la rangi ya plamu lilibaki kwenye nailoni. Blažena alivaa sketi yake ya kijivu na sweta, akaenda kusimama langoni pa namba kumi na mbili pamoja na wengine. Kwetu lango la nyumba ya harusi huachwa wazi, na wasioalikwa huja kutazama. Si aibu. Hupewa keki kwenye sinia na vijiglasi vya pombe, wakamsifu bibi harusi au wakamteta, kila mtu na moyo wake. Otília alikuwepo, na yule daktari wa meno, na nusu ya soko. Walipomwona Blažena walimpisha mpaka mbele kabisa, hatua kama kumi kutoka pale palipowekwa mto wa kupigia magoti. Alijua wanampisha kwa huruma, akawachukia wote.

Wapiga fidla walinyamaza. Sidka alitoka, na alikuwa mzuri, hilo hata adui angesema. Alipiga magoti juu ya mto. Gašpar alisimama nyuma yake akasema maneno yake yale yale ya kila harusi, kwamba mtoto huyu anaomba radhi kwa kila usiku aliowakosesha usingizi wazazi wake, kwa kila neno baya, kwa kila sahani aliyovunja. Watu walifuta macho, kama kawaida. Kisha akatoa bahasha, akampa Renáta.

Renáta alizishika karatasi mbali na macho, akasoma kwa sauti ya mtoto anayekariri shuleni, kwa mapozi, akitabasamu.

"Mwanangu. Ulianza kulala kwenye mkono wangu wa kushoto ukiwa na miaka minne, na mpaka leo silali upande huo."

Mtu mmoja langoni aliguna kwa kuguswa. Renáta alitiwa moyo.

"Nimekusuka nywele asubuhi za shule miaka tisa, na miaka yote tisa ulilia kwamba nakaza sana. Nilikaza kwa sababu sikujua namna nyingine ya kukushika. Ulipougua mapafu tulikaa wiki mbili hospitali ya wilaya, wewe kitandani, mimi kwenye kiti cha mbao, na muuguzi akaniita mama, nami sikumsahihisha."

Otília alimgeukia Blažena. Halafu daktari wa meno. Halafu mmoja mmoja, langoni na uani, vichwa viligeuka, kwa sababu hakuna mtu Trhová Lehota asiyejua ni nani aliyekaa kwenye kile kiti cha mbao. Renáta peke yake ndiye aliyekuwa bado anasoma. Mdomo wake ulikuwa unakimbia mbele ya akili, kama ulivyokuwa unakimbia tangu utoto, na Blažena alikuwa ameujua mdomo huo miaka yote.

"Ulipouliza mama yuko wapi, nilikujibu yuko kazini mbali na anakuwaza kila siku. Huo ndio uongo pekee niliopata kukwambia."

Hapo ndipo Renáta aliposikia alichokisoma. Aliacha kusoma kwa sauti. Macho yake yaliendelea kushuka kwenye karatasi peke yake, kimya, mstari baada ya mstari, na rangi ya shingo yake ikabadilika. Hakufungua karatasi ya pili. Alizikunja zote mara mbili, mara nne, mpaka zikaenea kiganjani, akabaki amezifumbata.

Blažena alikuwa amengojea jambo hili tangu jana jioni. Alidhani litakuwa tamu. Alimtazama Renáta na hakuona adui, aliona mwanamke wa miaka hamsini na miwili amesimama mbele ya watu mia mbili bila neno la kusema, na haikumpa raha hata kidogo. Kisha akamtazama Sidka. Binti alikuwa bado amepiga magoti, shingo ameinamisha, paji la uso tayari, anangoja kidole gumba cha mtu.

Maneno yalikuwa mistari miwili. Blažena aliyajua kuliko jina lake. Hatua kumi, na ua ulikuwa kimya kiasi kwamba angeyasema kwa sauti ya kawaida na yangefika. Alifungua kinywa. Akaona jinsi watu wote wanavyomtazama, wakimngoja, na ndani yake kitu kikamwambia acha waniombe. Acha mmoja wao aniite kwa mkono tu. Akangoja aitwe.

Gašpar aliwaashiria wapiga fidla, wakaanza kupiga, mapema na kwa kasi mno. Sidka aliinuka mwenyewe, akikanyaga pindo la gauni, na mtu akamshika kiwiko. Maandamano yalipanga mistari yakatoka langoni kuelekea kanisani. Sidka alipopita mbele ya Blažena walikuwa karibu kiasi cha kugusana. Uso wake ulikuwa mkavu. Blažena aliutambua, ulikuwa uso wake yeye mwenyewe.

"Sidka," alisema.

Fidla zilikuwa zinapigwa kwa nguvu, na huenda binti hakusikia. Alivuka uwanja wa mji na kuingia kanisani bila kugeuka, na hakuna hata mmoja kati ya mama zake wawili aliyekuwa amembariki.